Waheshimiwa Sitini na Moja Wasiotaka Jua

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu, Kitindamimba, ameondoka. Tangi limebaki sebuleni kwangu, linanguruma kama paka aliyeshiba.

Daftari hili kaniachia niandike vipimo vya maji. Vipimo nitaviandika kurasa za nyuma. Huku mbele ni kwangu mwenyewe, na atakayesoma bila ruhusa aote jipu pabaya.

Kisa chote ni sufuria. Sufuria moja! Tangu mama watoto afariki napika mwenyewe, mwaka wa kumi huu, na mwezi uliopita moja ikaungua. Mwanangu mkubwa akaja na uso wa msibani. Namwita Mkaguzi, ndiyo kazi yake, hukagua lifti na kubandika karatasi "haifai kutumika". Alinitazama kana kwamba gundi anayo mfukoni. Anataka nikaishi kwake, ghorofa ya sita, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta.

Kitindamimba ndiye aliyenitetea. Yeye hutunza matangi ya samaki, kwenye mahoteli na kwa madaktari wa meno. Anakwenda mafunzoni wiki tano. Akasema: mpeni Baba matumbawe yangu. Anayeweza kuyaweka hai haya wiki tano, huyo anaweza kuishi peke yake mpaka achoke mwenyewe. Mkaguzi akakubali — upesi mno! Yakiishi, habari ya kuhama isitajwe tena. Yakifa, nafunga sanduku. Tukapeana mikono.

Mpaka tarehe saba Aprili. Miaka arobaini nimekuwa fundi bomba. Maji yananijua.

Jumanne, 4 Machi

Maji hayanijui hata kidogo.

Niandike vizuri mambo yalivyo. Ni jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, limejaa vinywa vya rangi ya chungwa. Vinywa sitini na moja, nimevihesabu mara mbili. Matumbawe mengine, alivyonieleza binti, hujipikia chakula kwa mwanga. Haya hayana jiko. Na bado yanaitwa matumbawe ya jua! Jua lenyewe hayalitaki, yanataka kulishwa. Kila kinywa peke yake. Kila siku. Kwa mkono.

Nimewaita Waheshimiwa. Kazi yao ni kufungua mdomo.

Saa nne asubuhi: zima pampu. Funika tangi kwa blanketi, wadhani ni usiku. Yeyusha kibarafu kimoja cha vijidudu vya baharini kwenye kikombe. Mwaga mchuzi kidogo, wasikie harufu. Ngoja. Ngoja tena. Wanafumbuka mmoja mmoja kwa madaha kama bi harusi. Hapo unawafunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, unaingiza bomba la sindano shingoni mwa chupa, na unamdondoshea kila mmoja wake.

Chupa ni kwa ajili ya mwizi. Mle ndani kuna kamba mwenye masharubu marefu. Hana alichochangia, lakini chakula kikiwa tayari amefika. Namwita Shemeji. Leo niliinua chupa kabla ya wakati, akatia mkono kinywani mwa Mheshimiwa na kuchomoa tonge! Mbele yangu!

Saa moja na nusu nimeinama. Mgongo unalia kama bawaba. Dada alikuja kutazama, akakaa kwenye kiti changu, akacheka mpaka akashika mbavu. Eti: wanao hukuwahi kuwalisha hata kijiko, leo unalisha mawe.

Dada yangu ana miaka sabini na nne, mimi sabini na moja, na mpaka leo ananiita "we mtoto". Anakaa mlango unaotazamana na wangu. Ufunguo wangu anao tangu zamani. Ndiye kumbukumbu ya ukoo mzima: nani kazaliwa siku gani, nani alikuja na nguo gani kwenye harusi ya nani.

Alhamisi, 6 Machi

Niliwaonea huruma kukaa gizani. Nikawawekea taa ya kusomea, karibu kabisa na kioo. Wote wakafunga. Sitini na moja, kama maduka siku ya vurugu.

Nikampigia binti. Akapiga kelele mpaka nikaiweka simu mezani. Baba, taa inaotesha mwani wa kijani juu yao! Toa taa! Nikamwambia hata mfungwa huwashiwa taa. Akasema mfungwa hajaumbwa kwa ajili ya pango.

Taa nimetoa. Waheshimiwa wamenuna mchana kutwa.

Jumapili, 9 Machi

Mkaguzi kaja "kunisalimia". Na tochi mkononi. Na karatasi ya orodha! Akazunguka tangi, akagonga kioo kwa kidole. Nikamwambia hapa si kwenye lifti, hakuna kitufe.

Kwa bahati saa nne ilikuwa imefika. Nikawafunika, nikawatilia mchuzi, wakafumbuka wote — wote! — kama shamba la maua. Mkaguzi akakunja karatasi yake. Dada akampigia vigelegele masikioni.

Alipoondoka, Dada hakucheka tena. Akaniuliza: na ukihama? Nikasema sihami. Akasema: ukihama wewe, wiki hiyo hiyo binti yangu anakuja kunibeba. Anatafuta sababu tu. Kwa bintiye ni safari ya siku mbili. Kule, alisema, nitazeeka mlangoni nikingoja mtu anisalimie.

Nikamwambia umeshazeeka, usihangaike. Akanitupia ndala.

Alhamisi, 13 Machi

Dada atanitia wazimu. Umewalisha? Nimewalisha. Naenda chooni, nikirudi: umewalisha? Natoka kwenda kucheza drafti kwa kinyozi, ananifuata mpaka kwenye ngazi: we mtoto, umewalisha? Nikasema nimewalisha, nimewafuta midomo na nimewaimbia.

Jumatatu, 17 Machi

Maji yamechafuka. Sielewi.

Kuna vichupa vya matone. Unatia maji ya tangi kwenye kiglasi kidogo, unadondosha, unatikisa, unalinganisha rangi. Wiki mbili ilikuwa njano nzuri. Leo nyekundu. Nyekundu ya hatari! Na utelezi wa kahawia umeanza kwenye mchanga.

Binti kwenye simu: Baba, unawazidishia chakula. Nikamwambia kibarafu kimoja kwa siku, kama ulivyoandika. Akasema, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa habari: una hakika ni kimoja?

Nimebadilisha ndoo mbili za maji. Kukoroga chumvi, kupima, kubeba, kumwaga. Mgongo umejiuzulu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimehesabu vibarafu kwenye friza. Sipendi nilichokiona.

Aliniachia sitini. Leo ni siku ya kumi na tisa. Vingebaki arobaini na moja. Mtoto wa darasa la tatu anaweza hesabu hii, na mimi nilifika la tano. Vipo ishirini na sita.

Nimehesabu tena nikiwa nimekaa. Ishirini na sita.

Kumi na tano vimekwenda wapi? Yaani nalisha, nasahau, nalisha tena?

Sufuria ile. Nayo sikumbuki nilivyoiinjika.

Picha aliyotaka binti nimemtumia ya wiki iliyopita. Kajibu: hiyo ya zamani, Baba.

Jumamosi, 22 Machi

Kuanzia leo, kila nikilisha napiga mstari mmoja wa chaki pembeni mwa friza. Mstari usipokuwepo, sijalisha. Ukiwepo, nimelisha. Mengine sitaki kuyawaza.

Jumatatu, 24 Machi

SI MIMI!

Mistari mitatu. Vingebaki ishirini na tatu. Vipo kumi na nane! Siwezi kusahau vibarafu vitano mbele ya chaki yangu mwenyewe. Kuna mtu anaingia humu na kulisha!

Nimecheza peke yangu jikoni. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio.

Na mtu namjua. Ana ufunguo, ana tochi, na ana chumba kinachotazama ukuta kinachomngoja mtu. Mkaguzi! Anawavimbisha Waheshimiwa wafe, nikafungwe ghorofa ya sita. Mtoto niliyembeba mgongoni!

Nitamnasa.

Jumatano, 26 Machi

Nimenasa.

Saa nne nililisha, nikapiga mstari. Saa sita nikaaga kwa sauti kwenye korido: nakwenda kwa kinyozi! Nikashuka ngazi nikipiga viatu, nikavivua, nikapanda na soksi. Nikajificha nyuma ya pazia la sebuleni. Pazia lenyewe fupi, miguu yote nje, na soksi ina tundu.

Nikangoja. Kibofu kikaanza kudai haki zake.

Ufunguo ukazunguka. Nikajiandaa kuruka na kupiga kelele "Mkaguzi wewe!"

Ni Dada.

Akaingia na ndala zake, hakutazama upande wangu. Akatoa kibarafu, akayeyusha kwenye kikombe kile kile. Blanketi. Mchuzi. Chupa. Bomba la sindano. Mikono haitetemeki, analisha vizuri kuliko mimi! Na anawasemesha. Haya, wanangu, kuleni. Kuleni mshibe. Msiniondolee mtu wangu.

Nilikasirika, na nikashindwa kukasirika. Akasuuza kikombe, akafunga mlango, akaenda zake. Nikasema moyoni: sawa. Jioni nitamtania, tutacheka, yataisha. Nikatoa mguu mmoja nje ya pazia.

Ufunguo tena! Nikarudi ndani.

Dada. Akashika kiuno mbele ya tangi. Akasema: masikini, hawa leo hawajala. Yule mtoto kakimbilia drafti, kawaacha na njaa.

Kibarafu. Kikombe — bado kilikuwa na maji ya kusuuzia. Blanketi. Chupa. Haya, wanangu, kuleni. Msiniondolee mtu wangu. Neno kwa neno. Sauti ile ile.

Akatoka. Nikabaki pale pale, sikusogea. Baada ya muda akaingia mara ya tatu. Akachukua kikombe, akasimama nacho katikati ya sebule. Akatazama kikombe, akatazama tangi, akatazama kikombe. Akakiweka juu ya televisheni, akaondoka.

Kibofu nilikisahau kabisa.

Alhamisi, 27 Machi

Nilitaka kumwambia. Nimeingia kwake na maneno yamepangwa mdomoni.

Nikaanza kwa mbali. Dada, jana mchana ulikuwa wapi? Hapa hapa, nikishona. Hukutoka? Nitoke niende wapi, we polisi? Akakasirika, akaanza kunisimulia harusi yangu, aliyevaa kijani, aliyelia, aliyeanguka na sinia. Miaka arobaini na saba iliyopita, hajakosea hata kifungo.

Alipomaliza akauliza: umewalisha?

Nikasema nimewalisha. Nikarudi kwangu na maneno yangu.

Nikimwambia binti, nimeokoka. Nitasema: si mimi, ni Shangazi yenu. Halafu bintiye Dada atapigiwa simu. Siku mbili za safari. Hata mwezi hautaisha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepata akili. Vibarafu vilivyobaki nimevificha kwenye boksi tupu la aiskrimu, chini kabisa ya friza. Asipoviona hatalisha. Maji yatapona. Hakuna atakayejua kitu, na mimi na Dada tutaendelea kugombana mpaka tufe.

Fundi bomba hutafuta kuvuja, huziba, hunyamaza.

Jumatatu, 31 Machi

Mimi ni mpumbavu. Mpumbavu wa kwanza, wa pili hayupo.

Nimerudi kutoka kwa kinyozi saa nane. Tangi jeupe kama maziwa! Harufu nimeikuta kwenye ngazi. Shemeji kajibanza pembeni, masharubu chini, hata yeye hataki kula.

Juu ya meza: maganda ya yai. Chujio langu. Hakuona vibarafu, kachemsha mayai, kaponda viini, kawachujia Waheshimiwa. Mama yetu alivyokuwa akiwalisha vifaranga! Kuwaza kwake ni sahihi kabisa. Ila hawa si vifaranga.

Na mimi ndiye niliyeficha vibarafu. Bora vile, jamani. Bora vibarafu mia!

Ndoo nane. Saa nane hadi saa mbili. Dada kashika ndoo upande mmoja, mimi mwingine, ananiuliza: nani kafanya unyama huu?

Nikasema ni mimi, shika vizuri.

Alhamisi, 3 Aprili

Maji yameng'aa, ndani kunaonekana. Heri kusingeonekana.

Nyama inarudi nyuma kwenye mifupa. Mheshimiwa akifa habaki hata na rangi, kinabaki kikombe cheupe cha mawe, kitupu. Upande wa juu wote mweupe. Nimehesabu walio hai: ishirini na wanne.

Nawalisha hawa nusu kibarafu, taratibu, mmoja mmoja. Nimegundua nawasemesha. Kuleni. Na maneno ninayowaambia ni ya Dada.

Jumamosi, 5 Aprili

Kumi na tisa. Wametulia hapo siku ya pili sasa. Njano imeanza kurudi kwenye kiglasi.

Mkaguzi kapiga simu. Wanakuja Jumatatu asubuhi, yeye na Kitindamimba. Eti kaninunulia sanduku jipya lenye magurudumu, "endapo". Nikamwambia nalo alikague kabla halijaanguka na mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika chooni. Mlango nimeukomea. Wako nje wote.

Walifika saa tatu. Sanduku lina magurudumu kweli, limesimama pale sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa kukaa. Kitindamimba hata begi hakuvua. Akapiga magoti mbele ya tangi, akainusa hewa juu ya maji, akahesabu kwa kidole. Uso wa mtoto wangu niliutazama kwenye kioo — heri angepiga kelele.

Mkaguzi: arobaini na wawili wamekufa. Nikasema kumi na tisa wanaishi. Tulisema yaishi, hatukusema wangapi. Akasema Mzee, usituletee hesabu za sokoni.

Kitindamimba akaingiza mkono nyuma ya jiwe, akatoa kitu cha manjano, kimevunda. Akakinusa. Akasema: yai. Nani kawapa yai?

Dada alikuwa kwenye kiti changu. Akajibu kabla yangu: mimi siwagusi, mwanangu. Hata hilo bomba sijawahi kulishika.

Hadanganyi. Dada akidanganya hushika sikio la kushoto, tangu utotoni. Leo hakulishika. Alikuwa ananitazama kwa huruma.

Basi ni Mzee, akasema Mkaguzi. Hakufurahi, hilo nakiri. Sauti yake ilishuka. Wote wakanigeukia. Nikasema ngojeni, tumbo. Nikaja huku na daftari ndani ya shati.

Sasa wanagombana nje ya mlango. Na Dada namsikia, anawaambia polepole, kama anayewafunika watoto shuka: msimsumbue mdogo wangu. Siku hizi kichwa chake hakishiki. Mimi mwenyewe nalazimika kumfuatafuata nyuma, nikimkumbusha.

MIMI! Kichwa hakishiki MIMI! Nimeng'ata kalamu ili nisipige ukelele. Mwanamke huyu!

Neno moja tu. Nifungue mlango, niseme siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Nabaki na nyumba yangu, na kiti changu, na drafti yangu. Na mlango wa mbele yangu unabaki mtupu.

Nimejaribu lile lingine, kwa sauti ndogo, nikijitazama kwenye kioo. "Nilisahau, wanangu." Halitoki vizuri. Nimejaribu tena.

Kitindamimba amekuja peke yake mlangoni. Anakwaruza kwa ukucha, alivyokuwa akifanya mdogo. Anasema: Baba, utakalosema nitaliamini. Lolote. Sema tu wewe.

Nimefungua bomba la maji wadhani bado nina kazi.

Nasikia pampu inazimwa, Kitindamimba anawalisha; baadaye inawaka tena. Halafu Dada anauliza: hivi hawa, leo wamekula? Mkaguzi anajibu wamekula, Shangazi, Kitindamimba kawalisha sasa hivi, si umemwona? Dada anasema eh, kweli.

Ndala zake. Zinakwenda jikoni.

Mlango wa friza huo. Anafungua. Anapekua, nasikia barafu inagongana. Masikini, anasema, hawa leo hawajala — na Mkaguzi anauliza, Shangazi, unafanya nini?

Natoka. Natoka mimi, kabla Dada hajajibu! Suruali nitaifungia njiani